FJ40 yenye 2F haishiki sailensa ikipata moto, na skrubu ya mchanganyiko nikiizungusha injini haijali

#1 TairiZaMatope
Wakuu salama. Nina Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1979, injini 2F ya petroli, kabureta ni ileile ya kiwandani ya Aisan yenye koo mbili. Ikiwa baridi unavuta choki inawaka mara moja na inatulia vizuri kabisa. Shida inaanza ikishapata moto. Sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, inapanda inashuka yenyewe, nikikanyaga klachi ili nisimame inashuka mpaka gari zima linatetemeka alafu puu imezima. Ikiwa kwenye mwendo haina tatizo, inavuta, haimisi, haikohoi. Ili isizime nimepandisha ile skrubu ya resi (kasi ya injini) mpaka sasa ikisimama inanguruma tu. Kinachonishangaza ni ile skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta pale chini ya kabureta, nikiifunga mpaka mwisho injini haibadiliki hata mlio. Plagi mpya, waya mpya, filta ya hewa na ya mafuta mpya. Fundi ameshasema kabureta imekufa nitafute nyingine. Mi sitaki kutupa kitu cha kiwandani kabla sijajua kinaumwa nini. Mnasemaje?

#2 SitiYaNyuma
Nimekaa pale ninapokaa siku zote, nasubiri wajuzi.

#3 BisibisiBapa
Mkuu mbona jibu umeshalitoa mwenyewe. Skrubu ya mchanganyiko ukiifunga mpaka mwisho injini inatakiwa ife. Isipokufa maana yake mafuta ya sailensa hayapiti pale, yanapita kwingine. Ndani ya koo la kwanza kuna kitundu kidogo chini ya kile kisahani cha mafuta kinachofunguka ukikanyaga, hicho ndo kinatawaliwa na skrubu. Juu yake kidogo kuna mwanya mwembamba ambao kazi yake ni kusaidia pale unapoanza kukanyaga. We umepandisha skrubu ya resi, kisahani kimefunguka, ule mwanya umeanza kumwaga mafuta, kwa hiyo gari lako linanguruma kwa mafuta ya kuondokea na siyo ya sailensa. Ndo maana skrubu haina kauli.

Sasa kwa nini njia ya sailensa imekauka? Anza na solenoidi. Kwenye kabureta yako kuna kidude kama boliti nene chenye waya, kazi yake ni kukata mafuta ukizima gari. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya wake, gusisha tena. Lazima usikie ta. Usiposikia, ama solenoidi imekufa ama umeme haufiki. Ukisikia, basi hamia kwenye jeti ya sailensa, kile kipande chenye kitundu cha kupimia mafuta, itoe, ipulize kwa kompresa kutoka pande zote mbili. USIINGIZE WAYA humo, kile kitundu kimepimwa, ukikikwangua hata kidogo basi tena.

#4 MzeeWaChesisi
Kabureta inasingiziwa sana kwenye hizi injini. Kijana, kwenye 2F manifoldi (bomba la matawi) ya kuingiza hewa na ya ekzosi zimefungwa pamoja na zinatumia gasketi moja. Ekzosi inapata moto mkali inatanuka, ya kuingiza inatanuka kivyake, miaka inapita, zile ncha za mbele na nyuma zinaanza kuachana na hedi. Ikiwa baridi choki inaongeza mafuta inaficha ugonjwa. Ukirudisha choki, hewa ya wizi inayopenyea hapo inabaki bila mafuta ya kuisindikiza, sailensa inayumba. Kwenye resi kubwa huoni kitu kwa sababu injini inavuta hewa nyingi mno, ile ya wizi inakuwa kidogo tu. Dalili zako zote nne ziko hapo.

Chukua chupa ya kupulizia, weka maji, injini ikiwa kwenye sailensa pulizia taratibu kwenye mstari wa gasketi, silinda ya kwanza mpaka ya sita, afu kwenye kitako cha kabureta. Mlio ukibadilika umempata mwizi.

#5 Kondensa
Nawasoma hapa nacheka, watu mmeshafungua kabureta na manifoldi na hakuna aliyeuliza kuhusu moto. Distribyuta ina platini (zile za kukata na kuunganisha umeme wa cheche) au imebadilishwa? Kama ni platini, umepima mwanya? Kwa 2F ni milimita 0.3, ukiwa na mita ya dweli tafuta digrii 41. Afu shika rota utikise kushoto kulia. Shafti ikicheza, mwanya wa platini unabadilika kila mzunguko, na sehemu ya kwanza kulia ni sailensa. Taimingi (wakati wa cheche) nayo, digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu, chungulia kwenye dirisha la flaiwili kuna kigoli cha chuma kimezamishwa pale, kipige na taa ya taimingi ukione kinakaa kwenye kisindano. Taimingi ikirudi nyuma sailensa inashuka, mtu anapandisha skrubu ya resi, kisahani kinafunguka, na tunarudi kwa alichosema Bisibisi. Kabureta imelaumiwa bure.

#6 LandaMzee
Habari zenu. Mimi niko upande wa pili wa ukoo, Land Rover Series III ya petroli, 2286 cc, kabureta Zenith 36 IV. Ilinitesa hivihivi ikipata moto. Kwenye Zenith kuna ugonjwa maarufu, kifuniko cha juu na mwili vinapinda pale vinapokutana, hewa na mafuta vinavuja ndani kwa ndani na huoni chochote ukiwa nje. Niliweka msasa wa maji juu ya kioo kinene nikausaga ule uso taratibu mpaka ukawa bapa, nikabadili na ile oringi ya ndani, sailensa ikarudi. Ukifumua yako weka rula juu ya nyuso zote uangalie mwanga unapita wapi. Na hakikisha waya za plagi ziko sawa, 1-3-4-2.

#7 Kondensa
@LandaMzee ukimpangia waya hivyo silinda mbili ataziweka wapi mkuu 😂 hiyo ni ya kwako ya silinda nne. 2F ina sita, 1-5-3-6-2-4.

#8 LandaMzee
Hahaa haya bwana, vidole vimezoea nyumbani. La kusaga uso liko palepale.

#9 DizeliTu
Toa hiyo takataka weka injini ya dizeli ya 1HZ. Hakuna kabureta, hakuna plagi, hakuna platini, hakuna uzi.

#10 MzeeWaChesisi
@DizeliTu kwenye kila uzi wa petroli lazima upite. Nenda kapashe moto gloo plagi zako utuache.

#11 SitiYaNyuma
Samahani wajuzi, swali la mwanafunzi. Hewa ikiingia zaidi si ndo injini inapumua vizuri? Kwa nini hewa ya wizi iwe tatizo kwenye sailensa?

#12 MzeeWaChesisi
@SitiYaNyuma kabureta haina akili, inatoa mafuta kwa kuvutwa tu. Ukinywa kitu kwa mrija uliotoboka katikati, unavuta weee unapata upepo. Hewa ikiingilia chini ya kabureta, mvuto wa kwenye jeti unapungua na hapohapo kuna hewa ya ziada ambayo haikupimiwa mafuta. Petroli inataka kama uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, na injini ikiwa kwenye sailensa inapenda mafuta yazidi hapo kidogo. Ukiyapunguza inaanza kuwaka silinda moja inaacha nyingine.

#13 TairiZaMatope
Asanteni wote, nimefanya baadhi. Solenoidi inalia ta vizuri, na nimeijaribu kwa waya wa moja kwa moja kutoka betri, hali ileile. Platini hazipo, aliyekuwa nayo kabla yangu aliweka ya elektroniki ndani ya distribyuta ileile. Shafti inacheza kidogo sana, karibu haionekani. Taimingi nimeikuta 7 kamili.

La ajabu ni hili, nimetoa filta ya hewa, injini ikiwa moto inatetemeka, nikaziba mdomo wa kabureta nusu kwa kiganja ikatulia ghafla na resi ikapanda. Nikitoa mkono inaanza tena.

#14 MzeeWaChesisi
Hapo sasa. Ukiziba kwa mkono unaiongezea mafuta unaipunguzia hewa. Ikifurahi maana yake ilikuwa na njaa ya mafuta. Hewa ya wizi. Nimemaliza.

#15 BisibisiBapa
Hujamaliza mzee, shikamoo lakini hujamaliza. Njaa ya mafuta ina baba wawili, hewa ya wizi au jeti iliyoziba, na mkono hauwezi kukwambia ni yupi. Solenoidi kulia ta siyo cheti pia, inaweza kulia na uchafu ukawa umekaa mbele ya sindano yake. Nimeshaona mtu amekata ile ncha ya sindano ya solenoidi ili mafuta yapite muda wote, matokeo yake ukizima swichi injini inaendelea kujizungusha yenyewe kwa vishindo. Usifanye hivyo.

@TairiZaMatope fanya hivi. Rudisha skrubu ya resi chini mpaka kisahani kifunge karibu kabisa, hata kama inabidi uishikilie na choki kidogo isizime. Afu fungua skrubu ya mchanganyiko polepole. Ikianza kujibu hata kidogo, njia ya sailensa iko hai na mzee ana haki. Isipojibu kabisa, jeti imeziba na mimi nina haki.

#16 VakyumuGeji
Mnabishana kwa maneno wakati kuna saa inasema yenyewe. Funga geji ya vakyumu (ya kupima mvuto wa hewa) kwenye manifoldi, siyo kwenye ile njia ya distribyuta. Injini nzima ikiwa kwenye sailensa inakaa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, sindano imetulia. Ukiwa milimani toa kama inchi 1 kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari, kuna watu wanalaumu injini zao bure kwa kusahau hili. Sindano ikikaa chini imetulia, fikiria taimingi iliyochelewa au uvujaji mkubwa. Ikielea taratibu mbele nyuma, mchanganyiko. Ikidunda kwa mpigo mmoja unaojirudia, vali. Bila hiyo mtabadilisha spea mpaka gari liwe jipya na liendelee kuzima.

#17 TapetiMoto
Mpigo wa vali, asante @VakyumuGeji kwa kutaja, nilikuwa nasubiri nione kama kuna atakayefika huko. Mleta uzi, mara ya mwisho tapeti (mwanya wa vali) zimepimwa lini? Kwenye hizi injini tapeti zinaachwa mpaka zianze kupiga kelele, na zile zilizokaza hazipigi kelele kamwe! Vali ya ekzosi ikikaza, injini ikipata moto shina lake linarefuka, vali haifungi vizuri, kompresheni ya silinda ile inapotea kwenye sailensa. Kwenye resi kubwa hakuna muda wa kuvuja sana ndo maana gari linavuta kawaida. Angalia, BARIDI SAWA, MOTO MBAYA, RESI SAWA. Hiyo ni tapeti.

#18 Spana14
Tapeti za 2F ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.35 kwa za ekzosi, pima ikiwa imelala usiku kucha, baridi kabisa.

#19 TapetiMoto
@Spana14 namba sawa ila siyo baridi. Vipimo hivyo ni injini ikiwa MOTO. Ndo kazi yenyewe inavyochosha, unaungua vidole. Ukipima baridi kwa namba hizohizo unaweza kujikuta ikipata moto mwanya siyo ule uliokusudiwa.

#20 Spana14
Mbona injini nyingine wanapima baridi?

#21 TapetiMoto
Nyingine ndiyo. Hii ina kitabu chake.

#22 JotoLaManifoldi
Kuna mtu ametaja neno moto kwenye karibu kila posti na bado hajauliza moto wenyewe unatoka wapi. Kabureta ya 2F imekaa juu ya manifoldi ya ekzosi! Hapo chini kuna kimlango chenye springi ya koili na uzito pembeni, injini ikiwa baridi kinaelekeza moshi wa moto upashe kitako cha manifoldi ya kuingiza, ikishapata moto kinatakiwa kigeuke kiuelekeze chini. Kwenye magari ya umri huu kimeshika kutu na kimeganda. Kikiganda upande wa kupasha, kitako cha kabureta kinachemka muda wote, mafuta kwenye bakuli la kabureta yanatoa mapovu yanamwagikia kooni yenyewe. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli ndo inachemka mapema zaidi kuliko ile ambayo hii injini ilitengenezewa.

Mtoa mada, kwenye kabureta yako kuna kidirisha cha kioo mbele ya bakuli. Injini ikiwa moto, chungulia na tochi. Mafuta yanatakiwa yakae usawa wa alama ya katikati, yametulia. Ukiona yanachemka, acha kila kitu, njoo kwangu.

#23 MzeeWaChesisi
@JotoLaManifoldi mafuta yakimwagikia kooni mchanganyiko unazidi mafuta, siyo unapungua. Yeye ameziba kwa mkono injini ikafurahi. Ingekuwa inamwagikia, kuziba kungeiua.

#24 JotoLaManifoldi
Mzee kuna kuchemka kwa kumwagika na kuna kuchemka kwa mvuke kuingia kwenye vinjia vya jeti, mvuke ukipita mahali pa mafuta unapata njaa. Siyo lazima iwe moja.

#25 MzeeWaChesisi
Sasa hapo umejenga nyumba yenye milango pande zote, utatokea popote 😂

#26 GoDevil41
Mimi naendesha Willys MB, L134, lita 2.2 na farasi 60, kwa hiyo tatizo la kutotulia nalijua kwa undani. Kitu ambacho hakijaguswa hapa ni shafti ya kisahani yenyewe. Miaka yote hiyo inazunguka kwenye mwili wa kabureta wa aluminiamu au wa chuma laini, tundu linaliwa linakuwa yai, hewa inapita pembeni mwa shafti. Kwenye Carter WO ya kwangu unaishika kwa vidole unaitikisa juu chini. Ukinyunyizia maji pale na mlio ukabadilika, hakuna gasketi wala jeti itakayokuokoa, mpaka ichongwe na kuwekewa bushi. Na vifaa vya kukarabati vinavyokuja kwenye pakiti havina bushi, vina gasketi na sindano tu.

#27 BisibisiBapa
Hili la @GoDevil41 ni la kweli kabisa. Niongeze, hizi kabureta mpya za bei nafuu zinazofanana na za kiwandani, jeti zake zimetobolewa kwa kukisia. Mtu ananunua akidhani ameondoa tatizo, kumbe ameongeza la pili. Ya kiwandani iliyochakaa bado inarekebishika.

#28 DizeliTu
1HZ haina shafti ya kisahani iliyokuwa yai.

#29 Spana14
Ina pampu ya kusukuma dizeli, ikifa utauza gari ulipie kuifufua. Tuendelee.

#30 VakyumuGeji
Kabla hajafumua chochote, afanye jambo rahisi zaidi. Mipira ya vakyumu. Chomoa moja moja uzibe. Ule wa busta ya breki ndo mkubwa na ndo wa kwanza, ubane na koleo laini, sailensa ikitulia busta ina kiwambo kilichopasuka. Ukikanyaga breki ukisikia fyuuu miguuni pia ni hiyo. Afu kiwambo cha distribyuta, nyonya mpira wake kwa mdomo uzibe na ulimi, ukishindwa kushikilia kimepasuka. Afu vali ya kupumulia injini, ile inayotoa mvuke kutoka kwenye kava ya tapeti kurudi manifoldi, itikise, ikilia kokoko ndani nzuri, ikiwa kimya imeganda.

#31 Kimya_Kimya
Naomba niongeze dogo. FJ40 ina ile nyaya ya mafuta ya mkono kwenye dashibodi na fito za kukanyagia zinazopita nyuma ya injini. Maunti za injini zikilegea, injini ikilala upande mmoja fito zinavutwa na kisahani hakirudi sehemu ileile mara mbili. Unapanga sailensa leo, kesho imehama. Chomoa fito kwenye kabureta kabisa uone sailensa inakaaje kabureta ikiwa peke yake. Na nyaya ya choki, hakikisha ikirudishwa kile kikamu cha resi ya asubuhi kinaachia.

#32 SitiYaNyuma
Huu uzi umeshakuwa chuo. Mimi gari sina ila naendelea kujifunza.

#33 TairiZaMatope
Wakuu nimerudi na majibu.

Busta nzima. Kiwambo cha distribyuta kizima. Vali ya kupumulia inalia kokoko. Fito nimechomoa, hali ileile, @Kimya_Kimya asante. Shafti ya kisahani nimepuliza maji, haikubadilika. Geji ya vakyumu nimeazima, ikiwa baridi inakaa 17, ikipata moto inashuka 14 hivi na inaelea, ila kuna mpigo mdogo juu yake unajirudia. Kuchungulia kidirisha, mafuta yako katikati wakati injini inazunguka. Nikizima, baada ya muda mfupi yanaanza kutoa vipovu.

Kupuliza maji kwenye gasketi ya manifoldi, silinda ya sita pale nyuma karibu na ukuta wa kabini, mlio ulibadilika. Siyo sana. Ila ulibadilika.

Nimerudisha skrubu ya resi chini kama alivyosema Bisibisi na kufungua ya mchanganyiko, nimeifungua karibu mizunguko minne, ikaanza kujibu kwa mbali sana.

#34 MzeeWaChesisi
SILINDA YA SITA. Nilisema ncha za mbele na nyuma.

#35 BisibisiBapa
Mizunguko minne ndo inajibu kwa mbali? Kabureta nzima inataka kama mmoja na nusu mpaka miwili na nusu. Jeti ina uchafu mzee, imeziba nusu.

#36 TapetiMoto
Na ule mpigo unaojirudia juu ya geji mbona mnauruka? Ni vali hiyo.

#37 JotoLaManifoldi
Na vipovu?

#38 LandaMzee
Kila daktari amepata mgonjwa wake. TairiZaMatope wewe fumua tu.

#39 MzeeWaChesisi
Akifumua asikilize hili kwanza maana ndipo wengi wanaharibu. Manifoldi mbili ukizitoa, usizifunge pamoja kwa nguvu kabla hazijakaa kwenye hedi. Zile boliti zinazounganisha ya kuingiza na ya ekzosi ziache zimelegea, funga manifoldi kwenye hedi ukianzia katikati kwenda nje, kila moja itafute uso wake, ndo mwisho uje ukaze zile za kuunganisha. Ukianza na za kuunganisha unazikaza zikiwa zimepinda na gasketi mpya itavuja siku ileile. Afu endesha mpaka ipate moto, iache ipoe, rudia kukaza. Weka rula ndefu kwenye uso wa manifoldi pia, ikiwa imepinda sana gasketi haitaziba hilo pengo, inabidi ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine.

Na kile kimlango cha @JotoLaManifoldi kiguse akiwa humo. Nakubali mpaka hapo tu.

#40 Spana14
Kuna watu wanatafuta hewa ya wizi kwa kupulizia kemikali ya kusafishia kabureta au gesi. Sipingi kwamba inaonyesha haraka kuliko maji, ila ekzosi iko sentimita chache chini na koili inatoa cheche. Kizimia moto kiwe mkononi, siyo garini. Maji yanatosha.

#41 TairiZaMatope
Nimemaliza kazi. Gasketi ya manifoldi ilikuwa imeungua kabisa silinda ya sita na ya kwanza ilikuwa inaelekea huko. Jeti ya sailensa nimeitoa, nimeiangalia kwenye mwanga, ilikuwa na utando wa rangi ya kahawia, nimeiloweka nikapuliza. Tapeti nimepima injini ikiwa moto, ekzosi ya silinda ya tatu na ya sita zilikuwa zimekaza, kipimo cha 0.35 hakiingii hata kwa kubembeleza. Kimlango cha joto kilikuwa kimeganda, nimekilegeza kwa mafuta ya kutu na nyundo ndogo, sasa kinageuka.

Gari limetulia wakuu. Geji inakaa 18 na sindano haichezi. Skrubu ya mchanganyiko nikiifunga injini inakufa. Shukrani sana.

#42 MzeeWaChesisi
Gasketi.

#43 BisibisiBapa
Skrubu imeanza kutii baada ya kusafisha jeti. Jeti.

#44 TapetiMoto
Geji ilikuwa na mpigo, sasa haina. Gasketi gani inatengeneza mpigo?

#45 MzeeWaChesisi
Gasketi ya silinda moja inayovuja inatengeneza mpigo kila silinda ile ikivuta. Kamuulize VakyumuGeji.

#46 VakyumuGeji
Inawezekana ndiyo. Ila vali iliyokaza inafanya hivyohivyo. Huyu bwana amebadilisha vitu vinne jioni moja, sasa mnataka mimi niwe hakimu?

#47 Kondensa
Ilibidi abadilishe kimoja, awashe, apime, ndo aende kingine. Sasa tutabishana mpaka 2F ya mwisho duniani iache kuwaka.

#48 BisibisiBapa
@TairiZaMatope umalizie kupanga vizuri usiiache kwa kusikiliza sikio. Injini ikiwa moto kabisa, choki imerudi yote, filta ya hewa imerudishwa. Zungusha skrubu ya mchanganyiko mpaka upate resi ya juu kabisa inayoweza kutoa, afu kwa skrubu ya resi ishushe mpaka mizunguko 690 kwa dakika. Rudia hizo mbili mpaka skrubu ya mchanganyiko haiongezi tena. Mwisho funga ya mchanganyiko kidogokidogo mpaka resi ishuke 650, hapo acha, usiguse tena. Ukiwa na takometa ya kushika mkononi ni kazi ya dakika chache.

#49 SitiYaNyuma
@BisibisiBapa hiyo ni kwa F zote au 2F tu? Jirani ana FJ40 ya zamani zaidi anasema yake ni F.

#50 Kondensa
FJ40 zilianza 1960 zikiwa na F ya lita 3.9, 2F ya lita 4.2 imeingia katikati ya miaka ya 70. Kabureta na vipimo vimebadilika njiani, na hata ndani ya 2F zinatofautiana kwa mwaka na soko ilikopelekwa. Aangalie kibandiko chini ya boneti kama bado kipo, au kitabu cha mwaka wake.

#51 TairiZaMatope
Nimepanga 690 kwenda 650 na inakaa. Sasa kimebaki kimoja, ikiwa moto nikizima nikakaa kidogo nikarudi kuwasha, inagoma, lazima nikanyage mafuta mpaka chini ndo iwake na inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli. Baridi haina shida.

#52 JotoLaManifoldi
VIPOVU. Nilikaa kimya nikajua mtarudi. Hiyo ni bakuli inachemka baada ya kuzima, mafuta yanamwagikia kooni, injini imejaa. Ile inshuleta nene kati ya kabureta na manifoldi bado ipo au kuna mtu aliweka gasketi nyembamba?

#53 TairiZaMatope
Ipo, ni ile ya kiwandani, haijapasuka.

#54 BisibisiBapa
Au sindano ya floti (boya la kwenye bakuli) haizibi. Ukizima, presha iliyobaki kwenye bomba inaendelea kusukuma mafuta ndani ya bakuli. Chungulia kidirisha tena, injini ikiwa imezimwa, mafuta yanapanda juu ya alama ya katikati au yanabaki palepale na kutoa vipovu tu?

#55 TairiZaMatope
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Yanapanda. Yanapita alama mpaka sioni tena mstari.

#56 JotoLaManifoldi
Subiri. 2F ina bomba la kurudisha mafuta tenki, la presha na mvuke kutorokea. Lako linafanya kazi? Lichomoe uone kama linatoa kitu injini ikizunguka.

#57 TairiZaMatope
Mkuu nimelifuata kutoka kwenye pampu. Bomba lenyewe limekatwa, kipande cha mpira kilichobaki kimezibwa na boliti na klampu. Siyo mimi, nimelikuta hivyo.

#58 MzeeWaChesisi
Boliti!

#59 BisibisiBapa
Tuma picha. Na kabla hujalifungua angalia upande wa tenki kama lile bomba la chuma chini ya chesisi bado lipo, lisije likawa limeoza ukamwaga petroli juu ya ekzosi. Lipulize na kompresa kutokea mbele, kifuniko cha tenki kikiwa wazi, mtu mmoja akae nyuma asikilize.